Dada Koku, Kompyuta Iligoma Kuwaka

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Shikamoo Dada Koku,

Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa hai marahaba yako ilitoka nusu tu, maana jicho lilikuwa limeshafika kwenye mkoba wangu kuona nimeingia na nini, ili jioni ulinganishe na ninachotoka nacho. Nilichukia sana tabia hiyo. Sasa naingia dukani asubuhi hakuna anayeutazama mkoba wangu, na mimi nasimama pale mlangoni kidogo, nikisubiri, kabla sijakumbuka.

Nakuandikia kwa mkono. Ningeweza kupiga chapa, mashine ipo na inafanya kazi, lakini nataka nikueleze ilivyotutesa na sipendi kuisema vibaya nikiwa nimeikalia mbele. Usinicheke. Haya mambo nimeyapata kwako.

Nianze na safari yako. Tulikupeleka kwenu Muleba. Pale Kigongo gari lililokubeba lilikaa foleni tukisubiri kivuko kirudi kutoka Busisi, na wauza samaki wakawa wanatuletea sato madirishani mpaka shangazi yako akawaonyesha jeneza kwa kidole. Wakavua kofia. Mmoja akaenda kuuzia watu wa gari la nyuma. Nikawaza kwamba ungekuwa mzima ungeshuka kukagua kamba za mizigo huko juu, moja moja, na kumwuliza utingo jina lake na la baba yake. Nikacheka peke yangu, watu wakanitazama, halafu nikalia.

Tumekuzika kwenye kibanja, karibu na mama yako, migomba imekuzunguka. Jovita hakulia mbele za watu. Mtoto wako ni kama wewe, hatoi kitu hadharani. Alikuja kulia jikoni baadaye, amenishika kiunoni, sare yake ya shule bado mwilini kwa sababu walimtoa bwenini hivyo hivyo, na alilia mpaka nikaona atakosa pumzi. Nilimwambia atasoma. Sikuwa na uhakika wowote, lakini nilimwambia.

Baada ya matanga, shangazi yako akagawa nguo zako. Akatandika mkeka, akaita jina, akatoa nguo. Dada zako wa ukoo wakapata vitenge vya wax, vile vizuri ulivyokuwa unavaa kwenye harusi tu. Wifi zako wakapata magauni. Mimi niliitwa mwisho, na sikutegemea hata kuitwa maana mimi ni Msukuma wa watu, tulijuana kazini tu. Nikapewa ile khanga yako ya dukani. Ile iliyochakaa, uliyokuwa unajifunga kiunoni juu ya sketi ili wino usikuchafue, mpaka maandishi yake yamefutika. Ndiyo uliyokwenda nayo hospitali jioni ile presha ilipokuangusha. Shangazi akasema, mbele ya wote, kwamba wewe mwenyewe ulisema hospitalini: "Khanga ya dukani ni ya Nyamizi." Na kwamba kwenu nguo ya marehemu haifuliwi na mwingine, anayepewa ataifua mwenyewe.

Niliumia, Dada Koku. Tulipunguzwa kazi siku moja mimi na wewe, shirika lilipouzwa. Tulitoka geti moja tumebeba vikombe vyetu vya chai. Ulipochukua kiinua mgongo chako ukanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, ya duka la kupiga chapa, wakati wenzetu walikuwa wananunua magodoro na kufungua genge, ni mimi niliyekushikia upande wa pili wa lile sanduku tukivuka barabara. Halafu unaniachia tambara. Niliikunja nikaitia chini kabisa ya begi, nikaiwekea sandali juu.

Sasa ndugu yako Deo. Alisema atafuatana nami Mwanza kuona mali ya marehemu ilivyo. Mkoba wako ulikuwa kwake tangu siku ulipolazwa, na funguo za duka zilikuwa ndani ya mkoba. Hilo nililiweka moyoni. Njia nzima alikuwa ananiuliza kompyuta ina uzito gani, inauzwaje siku hizi, ikikaa bila kutumika inaharibika au haiharibiki. Mtu anayeomboleza haulizi uzito.

Tulipofika alifungua yeye mlango. Vumbi kidogo, kalenda bado iko mwezi ule. Kompyuta mahali pake, umeifunika na kile kitambaa cha maua. Nikaivua, nikawasha stabilaiza, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Unajua ilivyokuwa inaanza: mlio mmoja mfupi, feni inavuma, kisha maandishi meupe yanapanda kwenye kioo. Hakuna hata kimoja. Nikabonyeza tena, nikashikilia, nikaachia. Deo amesimama nyuma yangu anachezesha funguo.

Na hapo ndipo nilipotambua jambo la aibu. Kwa miaka yote tuliyokaa pale sikuwahi kuiwasha mimi. Asubuhi nilikuwa naikuta imewaka na wewe umeshakaa mbele yake, unatafuna buni zako za kahawa. Jioni ulikuwa unaniambia, "Tangulia, Nyamizi, nitafunga mwenyewe." Ulisema mashine ya namna ile inataka mkono mmoja uiwashe na mkono huo huo uizime. Kuna siku nilikuamini. Siku nyingine nilijua kabisa unabaki nyuma kupekua droo yangu.

Basi nikajaribu ninavyojua. Kwanza umeme, maana wakati huo mgawo ulikuwa haujaisha vizuri, unaweza kuwa nao saa hii na saa hii huna. Taa ya dukani ilikuwa inawaka. Stabilaiza ilikuwa na taa yake ya kijani na mshale umesimama panapotakiwa. Nikachomeka redio kwenye stabilaiza, ikaimba. Nikawasha printa, ikapiga kelele zake za meno kama kawaida, na waya wa printa umeungana na printa yenyewe, hautoki, kwa hiyo sikuweza kuuazima. Nikaichomoa kompyuta kwenye stabilaiza nikaichomeka ukutani moja kwa moja, kitu ulichokuwa umenikataza kama dhambi. Kimya vile vile. Kioo nacho, kwa kuwa kinapata umeme kupitia mgongoni mwa kompyuta, kimekufa pamoja nayo. Umeme unafika mpaka kwenye tundu la ukuta, halafu mashine haiupati.

Deo akasema neno lake. "Dada Nyamizi, mpaka Jumamosi. Ikiwaka, duka liendelee na mtoto asome. Isipowaka nabeba kila kitu, Bukoba kuna mtu anataka hivyo vyuma."

Kila kitu maana yake printa, stabilaiza, meza, viti na riziki yangu. Na Jovita arudi kulima kwa shangazi.

Nilikwambia nililiweka moyoni lile la funguo. Sasa likatoka. Nikaona picha yote: wewe umelala hospitali, Deo anakuja Mkuyuni na funguo zako, anafungua kile kisanduku cha kompyuta, anatoa kitu cha maana cha ndani, anafunga, halafu anakaa kusubiri nishindwe ili abebe bila lawama ya ukoo. Alipokwenda kwa rafiki yake anakofikia, nilichukua bisibisi ya cherehani nikafungua kile kisanduku mwenyewe. Dada Koku, nilikaa nimekodoa macho. Vumbi, vibao vya kijani, nyaya za rangi, mende mmoja mkavu. Sasa kama kuna kitu kimeibiwa, mimi ningejuaje? Sikuwahi kuona kilichokuwepo. Nikarudisha kifuniko, na msumari mmoja wa skrubu ukakataa kurudi, mpaka leo haupo.

Ikabidi nimwite Masanja. Unamkumbuka, fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Tangu mambo ya ruksa ya biashara yalipoanza ameongeza kwenye kibao chake maneno "na Kompyuta", kwa rangi nyingine. Wewe ulikuwa hutaki hata aegemee kaunta yetu. Akaja na tester yake, akaigusa soketi, ikawaka kataa kadogo. Akagonga kisanduku kwa kidole, akatega sikio, akaniambia pawasaplai, ile sehemu ya ndani inayopokea umeme, imekufa, nimpe abebe akaishughulikie kibandani kwake. Nikamwuliza kwa nini asiishughulikie hapa hapa nikimwona. Akasema vifaa viko kule. Nikamwuliza kwa nini vifaa visije huku. Akaona kando tundu la ule msumari uliokosekana, akaniuliza nani amefungua. Nikamwambia kazi yako kutengeneza au kupeleleza? Alitaka kuushika ule waya wa umeme, nafikiri alikuwa anataka kuuangalia, nami nikauvuta kwangu. Sikutaka aguse kitu ambacho angeweza kukibadilisha na kibovu. Masanja akakusanya vyake. Akasema mwenye mashine amekufa lakini roho yake imebaki dukani, akimaanisha mimi. Alivuka barabara bila kuaga.

Ungejivunia.

Jirani zetu nao hawakukaa kimya. Mama ntilie wa pale kona, yule unayemfahamu kwa mdomo, akaanza kusema marehemu hajaachia kitu chake. Kwamba mashine ya mtu aliyekufa ghafla haikubali mkono mwingine mpaka aombwe. Mimi nikasema upuuzi. Lakini nilipokuwa peke yangu mle dukani nilijikuta naigusa kwa adabu.

Alhamisi mama yangu akaja kutoka Bujora na michembe, viazi vyake vikavu. Nilikuwa natoa nguo kwenye begi nizifue, nikatoa na khanga yako. Nilitaka niende nayo dukani nifunikie mashine, vumbi lisiingie pale penye msumari. Nikaikung'uta, pindo likanigonga mkononi. Kuna fundo. Umekaza kweli kweli, na ndani kuna vitu viwili, kimoja kirefu kigumu kama kipande cha mfupa, kingine kidogo cha mviringo.

Mama alikishika mara moja kwa juu ya kitambaa, akakiachia. Akasema hiyo ni hirizi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kama rafiki yangu alikuwa mtu wa hivyo, na kwamba yeye hafungui fundo lililofungwa na mkono uliokwisha kuzikwa, na mimi nisilifungue, nilipeleke ziwani nilitupe na khanga yake.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nakusema vibaya, Dada Koku, nisikufiche. Nilisema kumbe ndiyo sababu ulikuwa unabaki nyuma jioni. Kumbe mashine ilikuwa inawaka kwa dawa. Kumbe ulipoanguka ukaona uniachie mimi huo mzigo, mimi ambaye si ndugu, ili kikinuka kinukie kwangu. Kila jambo lako la ajabu likaja likakaa mahali pake. Kile kisu kidogo cha kumenyea ndizi ulichokiweka kwenye rafu, wakati dukani hatukuwahi kumenya hata ndizi moja. Ile sauti yako, tangulia, tangulia. Nikasema Mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele, kumbe.

Ijumaa mchana nikaenda ziwani. Nilipita nyuma ya nyumba mpaka kwenye yale mawe makubwa wanakofulia akina mama. Nikasubiri wanaofua wasogee, maana hakuna anayetaka kuonekana anatupa kitu cha namna hiyo majini. Nikaitoa khanga kwenye mfuko. Nikaikusanya niitupe.

Ikaninukia. Wino wa utepe wa printa na buni kavu. Ile harufu yako ya kila siku, ambayo nilikuwa sijui kama ninaijua. Ulikuwa unanipa buni moja moja, hujawahi kunipa mbili, na unangoja nitafune ya kwanza niimalize ndipo unipe ya pili, usije ukadhulumiwa. Nikaketi juu ya jiwe. Nilikulilia pale kuliko Muleba, kamasi zinatoka, na mama mmoja aliyekuwa anafua akanigeuzia beseni nikalie mbali na maji.

Nikasema khanga siitupi. Nitatoa fundo tu, hilo ndilo liende. Sikuwa na kisu wala wembe. Nikaliuma kwa meno, kwa hasira, naomba rehema kwa Mama Maria huku naling'ang'ania na gego. Likaachia.

Ikadondoka buni moja. Na kijiti cheupe cha kauri, urefu wa kifundo cha kidole, kina vifuniko vya bati pande zote mbili.

Dada Koku, ninakijua hicho kitu. Plagi ya pasi yangu nyumbani inacho. Kiliungua mwaka juzi, mume wangu akakibadilisha akinionyesha. Ni fyuzi.

Sijui nilirudi vipi Mkuyuni. Najua nilipita mbele ya kibanda cha Masanja nimeshika khanga mkononi na kiatu kimoja kimelowa, akaniita, sikuitika. Nikafungua duka, nikafunga mlango kwa ndani. Nikauchukua ule waya wa kompyuta, nikaigeuza plagi. Kuna kidroo kidogo tumboni mwake, kina mwanya mwembamba. Nikajaribu na kucha, hakikubali. Nikainua macho nikakiona kile kisu kwenye rafu. Ncha yake iliingia kwenye ule mwanya bila kusumbua, imeshazoea. Kidroo kikatoka. Kitupu.

Nikaweka fyuzi. Nikachomeka. Nikabonyeza.

Mlio mmoja mfupi.

Nilipiga magoti sakafuni, feni inavuma, maandishi yanapanda. Nilifurahi kwa muda mfupi tu, niseme ukweli. Halafu nikakumbuka taipureta zetu za shirika. Wewe peke yako katika ofisi nzima ulikuwa unatoa utepe wa mashine yako jioni na kuondoka nao, ili asubuhi usikute mtu ameutumia. Watu walikucheka, nami nilicheka nao. Ulikuwa hujaacha. Umetoka shirikani na mazoea yako mazima, ukayahamishia kwenye fyuzi.

Lakini kule tulikuwa wapiga chapa wengi. Huku Mkuyuni duka lilikuwa na funguo mbili, wako na wangu. Nilijaribu kukutetea. Nilisema labda ni kwa ajili ya radi. Nilisema labda ni kwa ajili ya Deo, lakini miaka hiyo yote Deo alikuwa Bukoba. Nilizunguka nikarudi pale pale. Kila jioni, miaka yote hiyo, ulikuwa unainama unatoa fyuzi kwa ajili yangu mimi. Nilikaa kwenye kiti chako nikiitazama ile mashine na nilikuchukia. Nilikuchukia kabisa, kwa sauti. Nimekula na wewe sahani moja. Nimemsindikiza mtoto wako shuleni na sanduku lake kichwani kwangu.

Halafu nikaiona tena khanga pale mezani.

Hospitalini siku ile nilipokuja kukuona, Deo alikuwa amekaa kwenye kitanda upande wa miguu. Ulinitazama ukasema, "Khanga," ukamtazama yeye, ukanyamaza. Mimi nikadhani unasikia baridi, nikakufunika nayo. Ukatikisa kichwa, ukafumba macho. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Kumbe ulikuwa umebeba roho ya duka kiunoni, wamekuzunguka ndugu zako wa damu, na ulipoona hali imekuwa mbaya, ukamtafuta wa kumwachia. Ukaniachia mimi. Mimi uliyekuwa unanifichia fyuzi. Na mimi nilipopewa nikadhani unaniloga.

Jumamosi Deo akaja na pikapu na mtu wa kubeba. Akakuta nimeketi napiga chapa barua ya maombi ya kazi ya kijana mmoja anayetaka kwenda kiwanda cha minofu ya samaki. Alisimama mlangoni. Akaniuliza nimemleta fundi gani. Nikamwambia hakuna fundi aliyeiponya. Akasema polepole kwamba basi nilikuwa najua tangu mwanzo, niliificha dawa yake ili nibaki na duka.

Dada, alinitazama kwa macho yako. Yale yale. Na mimi nikajua inavyokuwa mtu akikushuku huku ushahidi wote umekuelemea.

Nikamtolea khanga. Nikamwonyesha pindo lilivyojikunja lilipokaa fundo. Nikamwambia, "Muulize shangazi yako nani alisema nipewe hii." Nikaizima mashine, nikatoa fyuzi kwa kisu, nikaiweka mkononi mwake, nikabonyeza, kimya. Nikairudisha, nikabonyeza, ikalia.

Deo akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilidhani atapinga. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, halafu nikaona si kicheko peke yake. Akaniambia kwamba mkiwa wadogo ulikuwa unalala na kijiko chako chini ya mkeka, ili asubuhi asiwepo wa kukutangulia kwenye uji. Kwamba mama yenu alikuchapa kwa ajili ya hicho kijiko na hukukitoa. Tukacheka, tukalia, mtu wa kubeba akatuona wote wawili hatuna akili akaenda kukaa kwenye pikapu. Deo ameondoka na kiti kimoja tu, cha mbao, anasema baba yenu ndiye aliyekichonga. Duka limebaki. Funguo zako ameniachia mkononi. Nimekuwa nikimfikiria vibaya tangu Kigongo, na sijui nitamwambiaje.

Jovita amekuja likizo. Amekua, mabega yamekuwa yako. Anakaa kwangu, anakuja nami dukani, anajifunza kupiga chapa bila kutazama vidole. Wiki ya kwanza nilikuwa naacha fyuzi mle mle ndani. Nilijiapiza sitatoa, kwamba mambo hayo umekwenda nayo wewe huko uliko.

Halafu juzi Masanja akavuka barabara. Ananisalimia vizuri siku hizi. Akauliza ilikuwa nini hasa, nikamwambia ilipona yenyewe. Akatazama kisanduku, akatazama mlango, akauliza siku hizi nafunga saa ngapi. Pengine alikuwa anauliza tu. Pengine kweli.

Jioni ile nilifunika printa, nikachukua mkoba, na nikajisikia nasema, "Tangulia, Jovita, nitafunga mwenyewe." Ilitoka kama ulivyokuwa ukiitoa wewe, na ule mkato wako mwishoni. Mtoto akageuka kwenda, na mkoba wake wa shule begani, na kabla hajafika mlangoni nikaona mgongo wangu mimi mwenyewe, miaka yote ile, ukitoka kwenye mlango huo huo.

Nikamwita arudi. Nikampa kisu. Nikamshika mkono nikamwonyesha ule mwanya, namna ya kuingiza ncha bila kuvunja, na kidroo kinavyotoka. Aliitoa fyuzi mwenyewe, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaniuliza sasa inakaa wapi. Nikamfunga khanga yako kiunoni. Nimeshaifua, Dada Koku, mwenyewe, kwa sabuni ya kipande, lakini harufu ya buni haijatoka yote. Akafunga fundo. Akakaza kweli kweli.

Basi mimi naishia hapa, kuna nguo za shule za kupiga pasi. Nenda salama, dada yangu, pumzika, acha kukagua watu huko. Nakuahidi hivi: mtoto atasoma, na hakuna kitu cha duka hili kitakachofichwa asichokijua yeye nikiwa bado napumua na nina sauti ya kusema.

Masanja ndiye hatumwambii.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamizi